Kitu Cheupe Ndani ya Sufuria

"Kama si yai, unaogopa nini?" aliuliza Gashe Mekuria. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, ghorofa ya tatu, mkono mmoja kwenye kitasa, tayari kufunga.

"Yai siliogopi," akajibu Etiye Yeshimebet. "Nataka uiondoe picha yangu kwenye kundi. Uso ni wangu, sufuria nimeibandika mimi, mvuke umetoka kwenye mboga yangu. Cha kwako humo ni kipi?"

"Cha kwangu ni jicho."

Tuliojazana kwenye ngazi tukaguna. Sisi wa jengo hili hatuna ubaguzi, jibu zuri tunalisifia hata likitoka kwa mtu tusiyemuunga mkono. Mimi nilikuwa nimepanda na mfuko wa vitunguu ambao hakuna aliyeuagiza, ili nisionekane nimekuja kusikiliza. Duka langu liko chini kabisa, mkabala na mlango wa kuingilia, na mwenye duka chini hupata habari zote, ila humfikia zikiwa zimeshapoa. Siku ile nilizitaka moto.

Etiye Yeshimebet hakupaza sauti. Ni mama mjane, tunayemwita Etiye kwa maana ya dada mkubwa, mnene wa wastani, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapotukana. Alimwambia Gashe kwamba yeye ni mtu mzima, Gashe, yaani kaka mkubwa, wa jengo zima, na ndiyo sababu pekee iliyofanya mwiko ubaki jikoni. Gashe naye akajibu kwa heshima zote kwamba picha ikiondoka na mioyo yake inaondoka, na mioyo mingi kiasi kile jengo hili halijawahi kuiona. Kisha akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga kitabu kizuri.

Hiyo mioyo lazima niieleze.

Kundi letu la Telegramu, la jengo hili hapa mtaa wa Jemo, zamani lilikuwa na kazi mbili tu: kutangaza maji yamekatika na kutafuta nani kaziba mfereji. Akatokea Fikirte wa ghorofa ya pili, afisa wa benki, mtu wa semina. Akasema watu hawawezi kuishi kwa habari za mfereji peke yake, jengo linahitaji sanaa. Kila Jumatatu angetoa mada, neno moja tu. Kila mwenye simu apige picha moja inayohusu neno hilo na kuituma kabla ya Jumapili jioni. Anayeipenda picha anaiwekea alama ya moyo, na yenye mioyo mingi inashinda. Atakayeshinda wiki nyingi zaidi hadi Pasaka, picha yake itachapishwa kubwa na kutundikwa pale chini kwenye mlango wa kuingilia, badala ya bango la kukataza kutema mate. Pesa haikuwepo. Ingekuwepo, watu wangeshindana kwa akili.

Sheria zilikuwa chache: picha iwe ya wiki hiyo, uwe umeipiga mwenyewe, na isipangwe. Kitu unakipiga ulivyokikuta.

Wiki ya kwanza neno lilikuwa "Kivuli", na jengo zima likatembea limeinama. Wiki ya "Waya" watu wazima, wenye wajukuu, walilala chali uani wakilenga nguzo za umeme, na wachuuzi wa mkaa wakawa wanawaruka. Wiki ya "Upweke" tulipata picha za kiti kimoja cha plastiki, chekundu, kilichovunjika mgongo, kikiwa ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na mara mbili juu ya paa. Hakuna aliyekipanga, walisema. Walikikuta.

Lugha nayo ikaharibika. Mtu alikuwa akija kununua chumvi, anasimama mbele ya gunia langu la kunde, anafumba jicho moja, ananiambia leo mwanga umewaonea huruma kunde, anaondoka bila chumvi. Mabinti waliokuwa wakigombana wakapatana kwa mkataba, nipe moyo nikupe moyo. Mume wa ghorofa ya nne alilala sebuleni kwa sababu mkewe aligundua kuwa moyo wake ameupeleka kwa picha ya jirani.

Hakuna aliyeugua ugonjwa huu kama Gashe Mekuria. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mpima barabara, mtu wa kamba na vigingi, na alipostaafu akawa mpole, akinunua gazeti na kulala nalo usoni. Sasa alijinunulia kizibao kisicho na mikono chenye mifuko mingi mno, na kwa kuwa kamera yake ni simu, mifuko hiyo haikuwa na kitu zaidi ya miwani na shayiri ya kukaanga. Akaacha kusalimia. Ukimwambia habari za asubuhi, kwanza anakupima kwa jicho moja, anasogea hatua kushoto, ndipo anaitika. Alikuwa ameshinda wiki ya "Kivuli" na wiki ya "Kutu". Aliyemkaribia ni daktari wa meno wa ghorofa ya kwanza, mwenye kamera ya kweli yenye mdomo mrefu, aliyekuwa akisema mara kwa mara kwamba kwake huu ni mchezo tu. Alisema hivyo mara nyingi kiasi cha watu kumwogopa.

Ndipo likaja neno "Mvuke", katikati ya Kwaresima.

Kwaresima yao haina mchezo. Nyama hakuna, yai hakuna, maziwa hakuna, siagi hakuna, mpaka Pasaka. Mimi naitwa Kedir, ni Mwislamu, mfungo huo hauniandami, lakini mauzo yangu ya mayai yanaujua vizuri. Basi Jumanne asubuhi Gashe alishuka kwenye jiko la pamoja, lile banda la uani tunakopikia vitu vikubwa, akamkuta Etiye Yeshimebet juu ya sufuria kubwa ya dengu. Ukuta wa lile banda una matundu ya kutolea moshi, na jua la asubuhi lilikuwa linaingia humo kwa mistari. Akaituma ile picha kwenye kundi. Mama yule, na shuka yake nyeupe kichwani, uso umeinuliwa kuelekea mwanga, macho makubwa yanalengalenga, mvuke umemzunguka mabegani, alifanana na watakatifu waliochorwa kwenye kuta za kanisa. Mimi mwenyewe niliitia moyo. Fikirte aliandika aya nzima. Watu walimpongeza Yeshimebet ngazini, na yeye, aliyehamia hapa baada ya kumzika mumewe na hakuwa amezoeana na wengi, alitembea siku hiyo kama amevaa viatu vipya.

Kesho yake daktari wa meno akaandika: "Naomba kuuliza tu. Chini kushoto, ndani ya sufuria, kile cheupe ni nini?"

Jengo zima likaivuta picha kwa vidole viwili. Kweli, kwenye wekundu wa dengu, nusu kimezama, kilikuwepo kitu cheupe, laini, cha mviringo mrefu kidogo. Tangu dakika hiyo hakuna aliyemwangalia mtakatifu tena. Wapo waliosema yai. Wapo waliosema povu, wengine jibini, na jamaa mmoja mwenye elimu ya kupinda mambo akasema ni mwanga umejirudia. Waliosema kiazi walikuwa wachache na walizomewa, kwa hoja kwamba kiazi hakina ngozi ya namna ile. Mtu alikizungushia duara jekundu, mwingine akachora mshale kuelekea kwenye duara, na picha yenye mshale ikapata mioyo yake yenyewe.

Gashe aliombwa aikate ile kona. Akaandika jibu refu. Alisema uso unalipeleka jicho juu na kile cheupe kinalirudisha chini, na hapo katikati ndipo mvuke unapotembea. Mkikiondoa hicho, aliandika, Yeshimebet anaanguka.

Tukasema huyu mama mbona ameshaanguka.

Maana wanawake wa hapa wana chama chao cha Mariamu. Kila mwezi, siku ya Mariamu, mmoja wao anafungua nyumba, anawalisha wote pamoja na waume na wageni, na mtungi wa chama, uliofunikwa kitambaa cha nakshi chenye sura ya Mama, unalala kwake mpaka mwezi ufuatao. Yeshimebet aliomba kuingia chama hicho muda mrefu. Alipokelewa, akahudhuria kwa wenzake, akala, akaosha vyombo vya wenzake, na mwezi huu kwa mara ya kwanza mtungi ulikuwa unakuja kwake. Alikuwa amepaka ukuta rangi. Alikuwa ameazima viti. Pombe ya shayiri ilikuwa imeshaanza kuchachuka pipani. Watoto wake wako nchi za watu, na alimwambia mke wangu kwamba tangu mumewe azikwe, hakuna aliyekula nyumbani kwake isipokuwa fundi wa umeme.

Sasa mwenyekiti wa chama, Etiye Bezawork, mama mwenye magoti mabovu na msimamo mzima, akatangaza kwamba Ijumaa wanawake watakutana jikoni kuamua kama mtungi wa Mariamu unaweza kuingia nyumba ya mtu anayepika mayai Kwaresima. Wasiporidhika, utapita mlango wake na kwenda kwa anayefuata. Ndiyo maana siku ile Yeshimebet alisimama mlangoni kwa Gashe, akidai picha yake.

Niliporudi dukani na vitunguu vyangu nikamsimulia mke wangu Rehima kila kitu, pamoja na lile jibu la jicho. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Gashe Mekuria si alinunua yai juzi," akasema.

Nikamuuliza yai gani. Akasema yai moja. Jumanne asubuhi, mimi nikiwa nimeenda kuchukua sukari. Alichagua kwa muda mrefu, anayainua moja moja kwenye mwanga, akauliza kama hakuna jeupe zaidi. Rehima alidhani ni dawa ya wazee. "Lakini aliuliza lipi lina umbo zuri," akasema. "Tangu lini mtu akauliza umbo la yai?"

Kuna watu wanaoweza kukaa na neno kama hilo kifuani. Mimi sijaumbwa hivyo. Nilipanda kwa Yeshimebet, safari hii bila vitunguu.

Alinisikiliza amekaa kwenye kimoja cha viti vya kuazima. Halafu akakumbuka. Gashe alimwambia ageuke, atazame mwanga wa matundu, asishushe macho hata kidogo, asiangalie sufuria kabisa. Naye akatazama jua mpaka machozi yakamtoka. Alisikia maji yakilia kidogo nyuma yake, akadhani mboga inachemka. Baadaye Gashe alichukua kijiko, akasema mboga inanukia vizuri, akaondoka akiwa ameshikilia mfuko mmoja wa kizibao chake.

Tulienda pamoja kwa Gashe. Aligonga polepole na mzee akafungua, na nadhani alijua, kwa sababu alitukaribisha kabla hatujasema kitu. Hakukana. Alieleza kwa utaratibu, kama anaeleza kona ya barabara, kwamba picha ilikuwa na giza upande wa chini kushoto, ilikuwa inalegea. Akaenda kuchemsha yai, akalimenya, akarudi, akalitumbukiza, akapiga, akalitoa kwa kijiko. Muda mfupi tu. Yeshimebet akamuuliza yai lenyewe liko wapi.

"Nimelila," akasema Gashe, kisha akaongeza, "kwa masikitiko."

Mama akamwomba jambo moja: Ijumaa ashuke jikoni aseme hivyohivyo mbele ya wanawake. Gashe akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akakumbusha sheria, kwamba picha isipangwe. Akisema, picha inatoka, na daktari wa meno anashinda na picha yake ya birika. Alimwomba amvumilie mpaka Jumapili jioni, mioyo ikishafungwa atasema hata kanisani, hata kwa kipaza sauti.

"Ijumaa wakishaamua," Yeshimebet akasema, "Jumapili yako itanisaidia nini?"

Gashe akamwonyesha simu. "Lakini hebu iangalie vizuri. Utakuwa pale mlangoni, kila anayeingia jengo hili atakuona."

"Ataniona na yai."

Mama akainuka, akamuaga kwa adabu. Sikuwahi kuona mtu anaaga kwa adabu namna ile, na nilishuka ngazi nikiwa na wasiwasi zaidi kuliko kama angemtukana.

Ijumaa nikaitwa na mimi, nije na yai moja na kiazi kimoja, kwa ajili ya kulinganisha. Nilikuta vimeshatengewa sahani. Wanawake walikuwa wamekaa pembezoni mwa jiko kwenye vigoda, shuka nyeupe mabegani, na Fikirte amesimama mlangoni na simu yake kama msimamizi wa upande wa sanaa. Waliviangalia vile vitu, wakaiangalia picha, wakaviangalia tena. Mmoja aliomba kiazi kimenywe. Kikamenywa.

Etiye Bezawork alianza kwa kuziba mianya. Akasema asije mtu akatetea kwamba yai liliingia kidogo, au lilitolewa, au halikuliwa. Yai likishagusa mboga ya mfungo, mboga yote ni yai, na kila aliyeionja amevunja mfungo, na atakwenda kwa baba yake wa kiroho apewe adhabu yake, asujudu mpaka atakapoambiwa basi. Wote wakaitikia. Akaliweka wazi hilo vizuri sana, na akaonekana kuridhika nalo.

Kisha akamgeukia Yeshimebet. "Dada, uliweka yai kwenye sufuria?"

"Sikuweka."

"Lakini hicho ni nini?"

Nikakohoa. Nilitaka amtaje mzee, na mimi nipate kusimama kuwa shahidi, maana nilikuwa nimevaa vizuri. Yeshimebet aliinamia simu ya Bezawork akaitazama picha kwa muda, kama vile ndiyo kwanza anajiona.

"Ni yai," akasema. "Mimi sikuliweka, lakini ni yai. Lilikuwemo. Sasa naomba tuseme na walioila hiyo mboga ni akina nani, ili twende wote kwa mababa zetu."

Bezawork akasema aliyeila anajulikana, ni mpishi.

"Sufuria yote hiyo, peke yangu?" Yeshimebet alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Hiyo ni sufuria ya chama cha mazishi, dada. Jumanne nilikuwa napikia msiba wa marehemu Tilahun."

Unaweza kusema kila mama pale alikuwa anaitafuta Jumanne ndani ya tumbo lake. Wote walikuwa kwenye hema la msiba. Bezawork alikuwa mbele, karibu na padri, na ni yeye aliyesema hajapata dengu za namna ile, akaomba aongezewe. Mama wa ghorofa ya nne alimbebea mumewe kwenye kopo. Padri mwenyewe alikula akaibariki mikono ya mpishi. Nikamwona Bezawork akiyashika magoti yake, yote mawili, pole kwa pole, kama mtu anayepapasa watoto waliolala.

"Hebu nipeni miwani yangu," akasema.

Akapewa. Akaisogeza simu, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Hiki ni kiazi," akasema.

Jirani yake akainama, akasema hata yeye tangu mwanzo alikuwa anakiona kama kiazi, ila hakutaka kubishana. Mwingine akaona jicho la kiazi, pale juu kidogo, jeusi. Mama wa ghorofa ya nne akakumbuka kwamba mumewe aliunguzwa na kiazi cha moto mdomoni jioni ile ile. Palikuwa na mama ambaye nusu saa nyuma aliapa kwa jina la mwanawe kwamba ni yai, huyo akashika kile kiazi changu kilichomenywa, akakisimamisha kwenye mwanga, akasema haya sasa, nani atasema hivi viwili si pacha. Yeshimebet alikuwa amefumbata mikono, anawaangalia wenzake wakikomboa Kwaresima yao.

Fikirte, ambaye hapendi jambo libaki bila kutangazwa, akaandika kwenye kundi palepale: "Imethibitishwa ni kiazi."

Hatukukaa sana tukasikia ndala kwenye ngazi. Gashe Mekuria aliingia jikoni na kizibao chake, kifungo kimoja kimekosea tundu, anahema. Wapo wanaosema ilikuwa dhamiri. Mimi nilikuwa karibu na mlango, niliuona uso wake, na kwa maoni yangu lilikuwa neno kiazi.

"Nani kasema kiazi?" akauliza. "Kiazi kina mabonde. Kiazi kingekufa pale. Lile ni yai. Nililiweka mimi mwenyewe, kwa mkono huu, huyu mama hakujua lolote."

Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, mbele ya watu, jambo ambalo jana yake lingemwokoa mwenzake. Wanawake walimwangalia kama wanavyoangaliwa wagonjwa.

"Gashe," Bezawork akasema kwa upole, "nenda ukapumzike. Ni kiazi."

"Nililichemsha mwenyewe."

"Viazi navyo vinachemshwa."

"Nimelila, Bezawork. Nimelila kwa kinywa changu."

"Hujambo lakini? Kilikuwa kitamu?"

Mzee akanitafuta kwa macho, akasema huyu hapa, muulizeni Kedir, yai limetoka dukani kwake. Wote wakanigeukia. Hao ni wateja wangu, wote, na Pasaka huwa wananunua mayai kwa trei. Yeshimebet pia alinitazama, na akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Dukani kwangu kuna mayai na kuna viazi," nikasema, "na Jumanne asubuhi sikuwepo."

Kila neno hapo ni la kweli. Wakaridhika. Gashe alibaki amesimama katikati ya jiko na ukweli wake, hakuna anayeutaka, na ndipo Fikirte akauliza kwa sauti ya benki kama amesikia sawasawa, kwamba kitu hicho, chochote kiwacho, Gashe alikiweka yeye.

"Nililiweka."

"Basi picha ilipangwa."

Tangazo liko mpaka leo, ukipandisha kundi utalikuta: "Picha ya Gashe Mekuria imeondolewa mashindanoni kwa kosa la kupanga kiazi." Wiki ya "Mvuke" ikachukuliwa na daktari wa meno, kwa picha ya birika. Birika zuri tu. Lilipata mioyo michache, na yeye akasema kwake huu ni mchezo.

Siku ya Mariamu ilipofika, nyumba ya Yeshimebet ilijaa mpaka viti vya kuazima vikashindwa. Watu walikaa kitandani, wakakaa juu ya pipa tupu, wanaume wengine wakashikilia bilauri zao kwenye korido. Mtungi uliingia na Etiye Bezawork mwenyewe, hakukubali kusaidiwa, ngazi zote tatu, magoti yakilia kama mlango mbovu, na wanawake nyuma yake wakipiga vigelegele. Mimi na Rehima tulikaa karibu na dirisha. Siku za mfungo wao ndizo tunazokula nao bila kuulizana, maana hakuna nyama ya kuuliza imechinjwa na nani. Injera, ile mikate yao mipana ya kumegea mboga, ilikuwa laini, dengu nyekundu upande mmoja, mboga za majani upande mwingine, na mbele yangu kulikuwa na soda badala ya pombe. Wiki hiyo neno la Fikirte lilikuwa "Meza", hivyo trei zilipowekwa, simu ziliinuka zote pamoja, mikono juu, na watu wakaanza kuelekezana kuhusu mwanga. Yeshimebet akasema wapiga picha watalishwa baada ya walaji. Simu zikashuka.

Alikuwa anazunguka na kikapu, anawatia watu tonge mdomoni kwa mkono wake, mkubwa kwa mdogo, huyu akikataa anabembelezwa, yule anatiwa la pili. Katikati ya hapo akasimama akahesabu nyuso kwa macho. Akauliza Gashe Mekuria yuko wapi. Watu wakaangalia sahani zao. Mtu mmoja akasema yuko ngazini, amekaa tangu zamani.

Akachukua birika la maji na beseni, akatoka. Mimi nikamfuata nimshikie beseni, na pia nisikie.

Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu ya korido, bila kizibao, amevaa koti lake la kanisani, mikono magotini. Alipotuona akasimama haraka. Akasema alikuwa anashuka dukani tu mara moja.

"Duka limefungwa, Gashe," nikamwambia. "Mwenye duka ndiye mimi hapa."

Akatazama beseni, akatazama mlango, ambako kicheko cha Bezawork kilikuwa kinasikika mpaka nje. Halafu akamtazama Yeshimebet, na kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima ianze alimtazama mtu kwa macho yote mawili.

"Ilikuwa picha nzuri lakini," akasema.

"Ilikuwa nzuri," Yeshimebet akasema. "Nilipendeza. Na umenikosesha usingizi wiki nzima, sijakusamehe yote bado. Nyoosha mikono."

Akanyoosha. Nikashika beseni chini, mama akamimina maji polepole mpaka mikono ya mzee ikatakata, akampa ncha ya shuka yake ajifutie.

"Haya, ingia ule," akamwambia. "Mboga inapoa."